Dzaleka: Kuishi pamoja kunaanza na daftari

Daftari ni la kawaida la shule, jalada lake limevikwa kipande cha mfuko wa unga ili lisichakae. Ndani, kurasa zimepigwa mistari kwa rula: jina, zamu ya maji, zamu ya kuni, mchango wa wiki kwa kwacha. Katikati ya ukurasa mmoja kuna jina lililokatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na pembeni yake neno moja tu: "amesafiri". Kuanzia hapo kwenda chini, zamu zote zimepangwa upya kwa kalamu ya rangi nyingine. Mama anayelitunza, mzaliwa wa Kivu Kusini nchini Kongo, alinikaribisha kiti, akaingia ndani, na kitu cha kwanza alichotoka nacho kilikuwa daftari hilo.

Hapo ni Dzaleka, wilaya ya Dowa nchini Malawi, kama kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe. Nilikwenda kutaka kujua jinsi watu wasiofahamiana, waliotoka nchi mbalimbali, wanavyoanza kuishi kama nyumba moja: jiko moja, maji mamoja, mfuko mmoja. Nilitarajia habari za upendo na mshikamano. Nilizisikia kwa dakika tano. Muda wote uliobaki tulizungumzia chumvi, makaa, funguo, na mtoto wa nani alikula mara mbili.

Enzi za Rais Kamuzu Banda, Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Jina ni la Kichewa, na ndani yake mna sauti ya mtu anayeapa baada ya adhabu: nitaacha, sitarudia. Mwaka 1994 mahali hapo pakageuzwa kambi ya wakimbizi, wakati moto wa vita ukiwaka Rwanda na Burundi, na baadaye Kongo. Ilipangwa ichukue watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, kisha Warundi na Wanyarwanda, na wachache kutoka Ethiopia na Somalia. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni na kanisani. Redio ya jamii ya hapo inaitwa Yetu, tamasha linalofanyika kila mwaka tangu 2014 linaitwa Tumaini, na shule ya msingi inaitwa Umodzi Katubza. Umodzi kwa Kichewa ni umoja wetu ule ule.

Kwa hiyo neno halikosekani. Kinachosumbua ni utekelezaji.

Ua niliokaa nao, wenye daftari lile, una vyumba vya matofali ya udongo vinavyotazamana, na katikati jiko la paa la nyasi. Wanaoishi humo ni wajane, vijana waliofika bila wazazi, na mzee mmoja asiye na ndugu kambini. Waliungana kwa sababu inayoeleweka: mtu akiwa peke yake hawezi kupanga foleni ya maji, kulinda nyumba, kutafuta kibarua na kupika kwa siku moja. Penye pampu madumu ya njano hupangwa mstari tangu alfajiri, na anayeondoka kwenye foleni hupoteza nafasi. Mkiwa wengi, mmoja anakwenda na madumu ya wote. Hilo peke yake lilitosha kuwafanya wajaribu.

Ugomvi wa kwanza ulitoka chunguni. Mkongo anataka ugali wenye muhogo na sombe, yaani kisamvu, Mrundi anataka maharage kila siku ya Mungu, na unga unaopatikana kwa bei nafuu ni ule mweupe wa mahindi ambao Wamalawi wanausongea nsima. Mila za chakula zilizungumzwa zikaisha. Jambo lililokaribia kuvunja ua lilikuwa jingine, na sikuwa nimelifikiria kabla: mgao ulipoacha kuwa mahindi na maharage ukawa fedha.

Gunia la mahindi halifichiki. Likishushwa uani, kila mtu ameliona, linakwenda stoo ya pamoja bila mtu kuulizwa. Fedha huingia mfukoni kimya kimya. Mwenye mtoto mgonjwa ana deni la dawa, kijana anadaiwa na fundi, na kila mmoja ana sababu ya haki ya kuchelewesha mchango wake. Tena mgao wenyewe umekatwa mara kadhaa miaka ya karibuni, na kinachobaki hakimfikishi mtu mwisho wa mwezi. Aliyewahi kuchangisha anajua kwamba kuomba fedha kwa mwenzako mwenye shida ni kazi nzito kuliko kubeba gunia. Ndipo safu ya mchango ilipoanza daftarini, na ndipo mama yule alipopewa kazi ya kulitunza, kwa kuwa ni mtu asiyeona haya kudai.

Kuna pia suala la kadi. Mashirika huhesabu familia kwa watu walioandikishwa pamoja. Ua wenye kadi sita, hata ukijiita nyumba moja, mbele ya karani ni nyumba sita. Kila kadi ina tarehe zake, mashauri yake na matumaini yake. Yeyote anayefikiria kuanzisha maisha ya pamoja popote duniani angefaa kuuliza mapema: serikali itatuona kama nani? Jibu hilo ndilo litakaloamua nani atasaini, nani atalipwa, na nani atafungwa mambo yakiharibika.

Ardhi ndiyo iliyowafunza wakimbizi somo gumu kuliko yote. Kambini hakuna nafasi ya shamba la maana, na mkimbizi hamiliki ardhi. Wanaotaka kulima hukodi kwa Wamalawi wa vijiji vya jirani, kwa msimu, mvua zikikaribia mwezi Novemba. Kikundi kimoja cha humo humo kambini kilipatana na baba mmoja wa kijijini, kikamlipa, kikalima, kikamwaga samadi. Msimu uliofuata wakakuta shamba lina watu wengine, na baba yule hana la kusema. Hakuwa tapeli. Dowa ni nchi ya Wachewa, na kwa Wachewa ukoo na ardhi hufuata upande wa mama. Mwanamume akioa kwa utaratibu wa chikamwini huhamia kijijini kwa mkewe. Analima ardhi ya ukoo wa mke, na mwenye kauli ni mama wa ukoo pamoja na kaka au mjomba wao. Wenzetu hawa wametoka Burundi na Kivu, ambako shamba ni la baba na mkataba huongewa na baba. Walizungumza na mwanamume kwa heshima zote, kumbe wamezungumza na mkwe wa watu.

Walipoelewa, walirudi kijijini wakiwa na akina mama wao mbele, wakakaa na akina mama wenye ardhi, mbele ya mfumu, yaani chifu wa kijiji. Walipata kipande kingine. Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu vikundi vingi vya kuishi pamoja huandika katiba nzuri ya ndani na kusahau kuuliza wenyeji wanaendeshaje mambo yao.

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dzaleka watu wamekaa miaka 30. Majembe wanayo.

Nirudi kwenye jina lililokatwa. Malawi ina desturi ya kuweka akiba inayoitwa banki mkhonde, benki ya barazani, na wakimbizi nao wameipokea. Fedha hukaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu hushikwa na watu watatu tofauti, ili asiwepo anayeweza kufungua peke yake. Ni mpango mzuri sana dhidi ya wizi. Lakini haukuwaza kuhusu safari. Mshika ufunguo mmoja wa ua huu alikuwa amesubiri kuhamishiwa nchi ya tatu kwa miaka mingi, mashauri yake yakilala na kuamka. Yalipoamka mara ya mwisho yalikwenda mbio: daktari, mahojiano, tarehe ya ndege. Siku za kuaga zilijaa maombi na vilio vya furaha. Hakuna aliyekumbuka ufunguo. Baada ya wiki mbili walikata kufuli kwa msumeno mbele ya mashahidi, wakakuta fedha zote zimo. Swali likabaki: sehemu ya aliyesafiri apewe nani? Na cherehani ya pamoja aliyoichangia, je? Na chumba chake, je, aingie nani?

Huo ndio ugumu usiopatikana kwenye vitabu vya watu wanaoanzisha jumuiya kwa hiari yao huko Ulaya au Marekani. Mwanachama wa jumuiya ya huko huondoka akichoka au akigombana. Dzaleka mtu bora kuliko wote, asiyegombana na yeyote, anaweza kuondoka kesho kwa sababu njema, na kila mmoja uani anaomba kwa Mungu zamu yake ya kuondoka ifike. Mnajenga nyumba ambayo kila mjenzi anasali aiache. Kwa maoni yangu, kikundi cha namna hii kianze na kanuni ya kutoka kabla ya kanuni ya kuingia: anayesafiri anaacha nini, anachukua nini, nani anarithi zamu yake, ufunguo unakabidhiwa siku gani. Ua huu sasa una kanuni hiyo, imeandikwa kurasa za nyuma za daftari: siku mtu anapoitwa kwa daktari wa safari, siku hiyo hiyo anakabidhi ufunguo.

Kuna kuondoka kwingine kusiko na furaha. Kwa miaka mingi baadhi ya wakimbizi waliishi Lilongwe wakifanya biashara, hasa maduka ya rejareja, na mapato yao yalikuwa yakirudi Dzaleka kulisha wazazi na kulipa ada. Machi 2023 serikali iliagiza wote warudi kambini kufikia tarehe 15 Aprili. Mei vyombo vya usalama vikaanza kuwakusanya mjini. Maduka yakafungwa, na mashirika ya haki za binadamu yakaripoti watoto waliozuiliwa gerezani Maula pamoja na wazazi wao. Kambi iliyokwisha kufurika ikapokea watu waliopoteza mtaji wao wote kwa siku moja. Sheria ilikuwepo tangu zamani: Malawi iliporidhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ilijiondoa kwenye baadhi ya vifungu, vikiwemo vya ajira, mali na uhuru wa kwenda utakako. Ilikuwa ikitumiwa kwa ulegevu, kisha ikatumiwa kwa ukali. Nyua nyingi zilizotegemea ndugu mmoja wa mjini ziliamka bila mchango, na mchangaji mwenyewe amesimama mlangoni akiomba pa kulala.

Sisi Watanzania tuna kumbukumbu yetu inayofanana na hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walikwenda kuanzisha kijiji cha pamoja Litowa, mkoani Ruvuma. Jaribio la mwanzo lilishindwa na njaa: hawakuwa na chakula cha kuwafikisha kwenye mavuno ya kwanza. Walirudi, wakajipanga, na kutoka hapo kikakua Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, chenye vijiji zaidi ya kumi vilivyolima, kusomesha na kuamua mambo yao wenyewe kwa mikutano. Mwalimu Nyerere mwenyewe alivutiwa navyo. Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Watu wa Litowa walikuwa wameishinda njaa, wakajifunza kupatana, wakaweka hesabu. Cha kuwalinda dhidi ya uamuzi wa juu hawakuwa nacho.

Nikiuangalia ua wa Dzaleka na kikundi kile cha shamba kwa jicho la Litowa, naona sehemu kubwa ya kazi ngumu wameshaifanya. Wamevuka jiko, wamevuka maji, wameelewa ardhi ya Wachewa, wameandika kanuni ya safari. Kilichobaki hakiko mikononi mwao. Serikali ya Malawi ingeweza kuruhusu vikundi vya wakimbizi viandikishwe na viingie mkataba wa ardhi wa miaka mingi na ukoo wa kijiji, mbele ya mfumu, kwa faida ya pande zote mbili. Wenyeji wa Dowa tayari wanauza na kununua katika soko la Dzaleka, na samadi iliyomwagwa na Mkongo imebaki katika shamba la Mchewa.

Na kwa wafadhili wanaokuja na cherehani na mashine za kusaga: kabla ya kushusha mzigo, ombeni kuliona daftari. Ulizeni mwandishi ni nani, na akisafiri nani ataandika. Siku niliyoaga, mama yule alikuwa amemkalisha kijana wa miaka kumi na saba pembeni yake, akimfundisha kupiga mistari kwa rula. Jina la mama mwenyewe limeitwa kwa mahojiano ya kwanza.