Vali ya mtambo wa maji ikizembea, chumvi huishia kikombeni

Iwapo chai ya asubuhi nyumbani mwako imeanza kuwa na ladha ya chumvi, usikimbilie kumlaumu aliyeipika. Ikiwa maji yenu hupitia mtambo wa kulainisha, huenda kosa liko kwenye vali iliyo juu ya mtungi wa mtambo huo, kifaa ambacho wenye nyumba wengi hawajakigusa tangu fundi alipokifunga.

Mtambo huu hufungwa na watu wanaotegemea visima, kwa mfano Pwani, ambako maji hupita kwenye mawe ya matumbawe, na sehemu za Kitengela na Athi River. Maji ya huko mara nyingi ni magumu, yaani yamejaa madini ya kalsiamu na magnesiamu. Sabuni haitoi povu na birika hushika ukoko mweupe. Ndani ya mtungi mna chembe ndogo za rezini ambazo hunasa madini hayo na kutoa sodiamu badala yake. Chembe zikishiba, huoshwa kwa maji ya chumvi yanayovutwa kutoka pipa la kando, kisha husuuzwa.

Vali ndiyo inayoamua ni lini maji yaende jikoni, ni lini chumvi ivutwe na ni lini isuuzwe itoke yote. Kwa kawaida kazi hii hupangiwa saa nane za usiku, wakati watu wamelala.

Hapo ndipo matatizo ya kwetu huanzia. Tuseme ni wakati wa mgao na tangi limekauka usiku huo. Vali yenyewe haijui kwamba maji yamekwisha. Itavuta chumvi kwa maji machache yaliyobaki, kisha itapita hatua ya kusuuza bila maji yoyote. Tangi likijaa alfajiri, chumvi iliyosalia mtungini huja moja kwa moja mferejini. Zile vali zenye saa ya mshale nazo husimama stima ikipotea. Ikipotea kwa saa tano, mtambo utajiosha saa moja asubuhi, na maji yatakayofika jikoni wakati huo hayatakuwa yamelainishwa hata kidogo. Kwa hivyo rekebisha saa kila baada ya stima kupotea.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengine hawalisemi wanapouza. Vali nyingi huhitaji nguvu ya maji ipatayo pauni 20 ili ziweze kuvuta chumvi, na nguvu hiyo hutoka kwenye tangi lililoinuliwa mita 14 hivi. Tangi la juu ya paa la nyumba ya kawaida halifiki nusu ya kimo hicho. Bila pampu, unaweza kununua vali mpya kila mwaka na usione tofauti yoyote.

Je, chumvi hiyo yadhuru? Mtambo ukiwa mzima, maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita huongezewa sodiamu ipatayo miligramu 138 kwa kila lita. Shirika la Afya Duniani lapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 2 za sodiamu kwa siku, kwa hivyo kwa mtu mwenye afya maji hayo si hatari kuliko mkono wa mpishi mwenye kupenda chumvi. Lakini aliye na shinikizo la damu, au ugonjwa wa moyo au figo, yafaa amwulize daktari wake. Maji ambayo hayakusuuzwa ni jambo tofauti kabisa. Chumvi yake haina kipimo, na mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga hana figo za kuihimili. Heri jikoni pawe na mfereji mmoja wa maji ya kunywa usiopitia mtambo, na maji yake yachemshwe kama kawaida.

Sasa tuje kwenye vali. Yafaa isafishwe angalau mara moja kwa mwaka. Kwanza fungua njia ya kando ili nyumba ipate maji bila kupitia mtambo, kisha zungusha vali kwa mkono hadi hatua ya kuosha ili nguvu ya maji ndani ipungue. Ndipo uchomoe waya wa stima. Ubavuni mwa vali utaona kifuniko kidogo chenye skrubu. Ndani yake mna kichujio na kipande chenye tundu jembamba, na tundu hilo ndilo linalovuta chumvi. Likiziba, pipa hujaa maji na pengine kufurika. Loweka vipande hivyo katika siki, uvisugue kwa mswaki laini. Usichokore tundu kwa sindano wala msumari, kwani likipanuka hata kidogo vali haitavuta tena sawasawa. Mipira ipake grisi ya silikoni. Mafuta ya kujipaka mwilini huifanya ivimbe.

Bomba la maji machafu nalo litazame. Mdomo wake usizame ndani ya shimo la choo au mtaro. Acha nafasi ya hewa isiyopungua mara mbili ya upana wa bomba, la sivyo uchafu waweza kuvutwa kurudi ndani. Na ikiwa bomba hilo latiririka mchana kutwa, mipira ya ndani imekwisha. Hiyo ni kazi ya fundi.

Chumvi ya pipani iwe ya chenga kubwa na safi. Ile yenye mchanga ndiyo huziba tundu. Chumvi ya kulambisha ng'ombe haifai, na magadi ndiyo mabaya zaidi: yakikutana na maji magumu hugeuka kuwa chokaa papo hapo, tena ndani ya vali.

Wala usidhani kwamba maji laini ni maji salama. Mtambo huu hauui viini na hauondoi floraidi ile inayochafua meno ya watoto. Kuchemsha huua viini, lakini hakuondoi floraidi wala chumvi.

Ukishakaza skrubu zote, rudisha stima, uache vali ikiwa kwenye hatua ya kuosha na ufungulie maji polepole ili hewa itoke. Iache imalize mzunguko mzima. Kisha fungulia mfereji kwa dakika chache, uonje. Jaza chupa moja maji ya mtambo na nyingine maji ya kisima, tia kipande kidogo cha sabuni ya mche katika kila moja, utikise. Povu likilingana, rezini haikuoshwa. Na maji yakiwa bado na chumvi baada ya mzunguko wa pili, rudisha njia ya kando, utafute maji ya mtoto kwingineko na umwite fundi.