Dakika moja ya siki, wiki nzima ya tumbo joto

Muuguzi huchovya pamba kwenye maji ya siki ya asilimia 3 hadi 5, akaipaka kwenye mlango wa kizazi, kisha akasubiri dakika moja. Pasipotokea kitu, mama huteremka kitandani, akajifunga khanga yake na kurudi kwenye shughuli zake. Likijitokeza baka jeupe, ndipo roho inapopanda juu.

Baka hilo kwa kawaida si saratani. Ni mabadiliko ya chembe ambayo, yakiachwa, huweza kugeuka kansa, kwa kawaida baada ya miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, miaka 5 hadi 10. Penye vifaa, hugandishwa au kuchomwa kwa joto siku hiyo hiyo. Lakini katika nchi kama Tanzania, ambayo makadirio ya kimataifa ya 2022 yanaitajia wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani ya mlango wa kizazi na vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka, mama akiambiwa "kuna kitu tumekiona", anachosikia ni kansa.

Ugeni wa hofu hiyo ni kwamba haina pa kusemewa. Chanzo cha mabadiliko ni kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Nyumbani swali la kwanza linaweza kuwa: umekitoa wapi? Kirusi chenyewe huweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, kwa hiyo hakimshtaki yeyote, mke wala mume. Tena baada ya kugandishwa, mama huagizwa asikutane na mumewe kwa takriban mwezi mzima. Agizo hilo atalifikishaje chumbani?

Hofu ya namna hii hupimwa kwa madodoso. Mojawapo ya yale yanayotumika sana duniani lilitungwa Uingereza na Zigmond na Snaith mwaka 1983, lina maswali 14, na moja linamuuliza mtu kama anahisi vipepeo tumboni. Mpelekee swali hilo mama wa Kilwa Kivinje, neno kwa neno, atacheka au atadhani anaulizwa habari za minyoo. Muulize kama ana tumbo joto, kama usingizi unampaa, kama ana mawazo, atajibu bila kusita.

Watafiti wa Australia waliona mapema kwamba dodoso la hofu ya jumla halitoshi. Mwaka 1995 walitoa lao, maalumu kwa wanawake wenye majibu yasiyo ya kawaida, likigusa maumivu ya kupimwa, jinsi mwanamke anavyojiona, wasiwasi wa kuambukiza na maisha ya ndoa. Dar es Salaam nako, Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha mwaka 2008 dodoso la vipengele 19 la kutambua sonona, lililotungwa hapa hapa nchini. Halikutungwa kwa ajili ya mlango wa kizazi, ila lilionyesha kwamba kipimo kinaweza kuanzia kwenye lugha ya mgonjwa.

Pwani ya Lindi, iliko Kilwa, ina jambo la kuongeza. Mwanamke aliyechezwa unyago ana somo au kungwi wake, na mambo ya chumbani huyapeleka kwake kabla ya kuyafikisha kwa daktari. Dodoso lisilouliza "umemwambia nani?" linaacha nje nusu ya habari.

Wakati wa kuuliza nao una uzito. Siku ya majibu hofu huwa juu. Baada ya matibabu huweza kushuka, ikapanda tena kipimo cha marudio kikikaribia. Anayepewa rufaa ana siku nyingi zaidi za kusubiri. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kutoka Kilwa Masoko, na Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda huko ilikatika Somanga.

Kwa hiyo dodoso linaloishia mlangoni mwa kliniki halimfikii mama aliyesimama Nangurukuru alfajiri akisubiri basi, barua ya rufaa ikiwa imekunjwa ndani ya pochi. Nyumbani ameaga kwamba anakwenda Mbagala kumsalimu dada yake.