Viwanja vya Mbegani: Anayekuuzia bei ya kutupa anakimbia nini?

Kule Marekani, mpenzi msomaji, kuna kitu kinapigwa mnada mtandaoni kwa dola moja. Si pipi wala soksi za mtumba. Ni likizo! Wiki nzima kila mwaka katika fleti ya kifahari pale Orlando, Florida, yenye bwawa la kuogelea, jiko na vitanda vya kuzama. Aliyeinunua mara ya kwanza alilipa maelfu ya dola. Leo anaiweka eBay kwa dola moja, na wengine wanaahidi kulipa wenyewe gharama za kubadilisha jina, ilimradi tu uichukue.

Kijana wetu mmoja anayebeba maboksi huko alinipigia simu usiku wa manane, sauti imejaa furaha. "Mjomba, nimeukata! Nimepata wiki kwa dola moja!" Nikamwambia, mwanangu, kabla hujabonyeza hicho kitufe, muulize mwenye mali anakimbia nini.

Mambo ya taimushea, kama wanavyoiita, yalianza Ulaya miaka ya 1960. Watu hamsini na kitu wanagawana fleti moja, kila mmoja na wiki yake. Hilo halina ubaya. Ubaya upo kwenye ada ya matunzo, ambayo mwenye wiki hulipa kila mwaka, aende asiende, awe mgonjwa au kafukuzwa kazi. Ada hiyo ni mamia ya dola, mahali pengine inazidi elfu moja, na kila mwaka hupanda. Mikataba mingi haina mwisho, ukifa deni linabisha hodi kwa warithi wako. Kwa hiyo yule wa dola moja hauzi likizo. Anatua mzigo, anatafuta bega la kuubeba.

Kijana alinisikia. Ila nilipokata simu, nilijikuta namfikiria shangazi yangu na kiwanja chake cha Mbegani.

Shangazi alistaafu ualimu baada ya miaka thelathini na ushee ya chaki. Kiinua mgongo kilipoingia, simu yake ikageuka soko. Wapwa ambao hatujawahi kuwaona walianza kumsalimia asubuhi na jioni. Na kwenye kundi la WhatsApp la kwaya ikatua picha: minazi miwili, mchanga mweupe, bahari inameremeta. Chini yake: "Kiwanja Mbegani, jirani na bandari mpya, bei ya kutupa, mwenye mali ana shida." Milioni kumi na moja. Mwenyewe alinunua kwa kumi na nane.

"Baba," akaniambia, maana mimi kwake ni baba tangu nizaliwe, "twende tukaone."

Jumamosi tukapanda gari la Bagamoyo, tukapita Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga. Siku hizi njia hiyo ni lami tupu, na kila hatua mia kuna kibao cha "viwanja vinauzwa". Tulishuka, tukachukua bodaboda kuelekea pwani, upande wa chuo cha uvuvi. Mbegani wengi wanaijua kwa chuo hicho, ambacho leo kiko chini ya wakala wa elimu ya uvuvi, FETA. Jirani yake ni Mlingotini, ambako akina mama hulima mwani, na ukielekea Bagamoyo mjini unakutana na magofu ya Kaole, makaburi na msikiti wa karne nyingi zilizopita.

Dalali alikuwa anatungoja chini ya mwembe, kijana mtanashati mwenye simu tatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kiwanja kiko wapi?"

"Ndiyo hapa mama. Ukisimama hapa unaiona meli ikitia nanga."

Shangazi akaweka kiganja juu ya macho, akaitazama bahari muda mrefu. Palikuwa na ngalawa moja. "Meli gani?"

"Itakuja tu mama. Serikali haishindwi."

Nilitaka kucheka nikajizuia, kwani kijana hakutunga. Alikuwa anauza habari ambayo pwani hii imeila asubuhi, mchana na usiku kwa zaidi ya miaka kumi. Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipokuja Dar es Salaam, yalitiwa saini makubaliano ya kujenga bandari kubwa hapa, na thamani ya mradi ikatajwa kuwa dola bilioni 10. Kampuni ya China Merchants na mfuko wa akiba wa Oman wakawa wabia. Oktoba 2015 Rais Kikwete, ambaye Bagamoyo ni nyumbani kwao, akaweka jiwe la msingi wiki chache kabla hajakabidhi Ikulu. Nakuambia bei za viwanja zilipanda kama mkate wa ajemi! Watu wa Dar, wa Moshi, wa Mwanza, hata wa Ulaya waliotuma pesa kwa mashemeji, wakaja kununua mapori kwa bei ya nyumba.

Januari 2016 serikali mpya ikausimamisha mradi. Juni 2019 Rais Magufuli akaeleza hadharani kwamba masharti ya wawekezaji hayakubaliki: walitaka dhamana ya miaka 33 na ardhi kwa miaka 99. Juni 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa. Tangu hapo kila bandari ikitajwa redioni, madalali wa Zinga na Kiromo hupandisha bei kabla taarifa ya habari haijaisha. Ikipita miezi kimya, bei zinashuka, na ndipo wale wa 2013 wanapoanza kuuza kwa kunong'ona.

Hawa ndio ndugu wa yule wa Orlando. Walinunua ndoto kwa bei ya ndoto, nao wamechoka kuilipia.

"Kuilipia vipi?" shangazi aliuliza tulipokaa kula samaki. Hapo ndipo kwenye utamu, au uchungu. Kiwanja kilichopimwa kina kodi ya pango la ardhi kila mwaka, ujenge usijenge. Usipolipa, deni linajikusanya, na linakikalia kiwanja chenyewe. Atakayetaka kubadilisha jina atalikuta mlangoni. Hati nyingi pia zina sharti la kuendeleza ndani ya miezi 36. Kiwanja kilichoota vichaka toka 2014 hakijatimiza sharti hilo, na sheria inaruhusu miliki kufutwa.

Jumatatu tukaenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi. Ada yake si kubwa, lakini ungewauliza abiria wote wa gari la Bagamoyo, sidhani kama wangefika watatu waliowahi kuufanya.

Majibu yalikuwa haya. Jina lililo kwenye barua ya toleo si la muuzaji. Ni la mtu wa kwanza kabisa. Muuzaji wetu alinunua kwa karatasi ya mauziano mbele ya mwenyekiti, akaiweka kabatini, hakuhamisha kitu. Kodi ya ardhi haijalipwa miaka tisa. Na kile kipande cha mbele chenye minazi ya kwenye picha kiko ndani ya mita 60 kutoka baharini, ambako Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu ujenzi wa kudumu. Yaani sehemu nzuri kuliko zote ndiyo usiyoweza kuijengea hata banda la kuku.

Ongeza mengine. Ushuru wa stempu. Kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kisheria ni ya muuzaji lakini wauzaji wa bei ya kutupa hupenda kukwambia "tutaelewana". Idhini ya mke au mume wa muuzaji, ambayo isipokuwepo utakuja kupigiwa kelele na mama wa watu siku unachimba msingi. Dalali na asilimia yake. Na ile asilimia 10 ya mwenyekiti, ambayo katika maisha yangu yote sijaona kifungu chake wala risiti yake. Milioni kumi na moja ikaanza kunusa kumi na tano.

"Basi twende kwenye mnada," alisema shangazi. "Benki zinauza."

Mnada una heri yake. Kwa kawaida tangazo hutolewa siku 14 kabla, na Sheria ya Ardhi inamlinda aliyenunua kwa nia njema nyumba iliyowekwa rehani. Lakini nyundo ikigonga unatakiwa utoe asilimia 25 papo hapo, na zilizobaki ndani ya wiki mbili hivi. Hapa kila Mtanzania anamkumbuka Dk. Louis Shika. Novemba 2017, kwenye mnada wa nyumba za Lugumi zilizouzwa kwa deni la kodi, zikiwemo za Mbweni huku huku pwani ya kaskazini, mzee yule alipandisha dau kwa upole, "mia tisa itapendeza", akashinda nyumba tatu kwa zaidi ya shilingi bilioni 3. Ilipofika asilimia 25, mfukoni hamkuwa kitu. Akaishia polisi, na nchi nzima ikapata msemo wa kuchekea harusini.

Halafu mnada haukukabidhi nyumba tupu. Unaweza kukuta mwenye nyumba sebuleni, wajukuu wanaoga uani, na zuio la mahakama limebandikwa mlangoni. Shangazi ana miaka sitini na miwili. Nilimuuliza kama ana nguvu za kwenda mahakamani miaka mitatu. Akaninyamazia, akaongeza ndimu kwenye samaki.

Mimi sisemi Mbegani pasinunuliwe. Pana upepo mzuri na majirani wakarimu, na bandari ije isije, samaki wapo. Wapo pia waliopata viwanja halali kwa nusu ya bei kwa sababu muuzaji kweli alikuwa na mgonjwa hospitali. Ila hao hukupa namba ya kitambulisho na stakabadhi za kodi kabla hujaomba. Wetu tulipomwomba alisema zimeliwa na mchwa.

Shangazi hakumgombeza. Mwalimu ni mwalimu. Alitoa kalamu nyekundu, akaandika kwenye karatasi ya daftari masharti yake: muuzaji alipe kodi ya miaka tisa, amlete mtu wa kwanza ofisi ya ardhi waandikishane, mke wake asaini, na pesa zitatoka siku jina litakapobadilika, si siku moja kabla. Bei iwe milioni tisa kwa sababu ya zile mita 60. Akampa dalali, akamwambia, "Mpelekee, mwanangu, asome polepole."

Baada ya siku nne dalali akapiga simu. Mwenye mali kakataa masharti, ila bei ameshusha mpaka milioni nane, kama mama atalipa Ijumaa.

"Mwambie kwanza anijibu namba moja," shangazi alisema, akakata simu, akarudi kuchambua mchele.