Leo Tunapiga Ovataimu

Paukwa! Pakawa.

Palikuwa na binti aliyejifunza ushonaji, akapata kazi katika kiwanda cha nguo Dar es Salaam. Aliingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni, katikati akipumzika saa 1 kwa chakula. Jumamosi alitoka saa 7 mchana. Hesabuni, watoto: saa 45 kwa wiki. Hapo ndipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilipoweka mpaka wa saa za kawaida nchini Tanzania.

Siku moja saa 11 ikapita, na hakuna aliyenyanyuka kwenye cherehani. Msimamizi alikuwa ameshapita akisema, "Leo tunapiga ovataimu, mzigo unatoka kesho."

Binti akamnong'oneza mama aliyekaa jirani: "Mama, ovataimu ndiyo nini?"

"Saa za ziada, mwanangu. Unalipwa, tena kwa nusu zaidi."

Hiyo nusu ndiyo wengi hawaielewi. Tuseme saa moja ya kawaida binti hulipwa shilingi 2,000. Saa ya ovataimu haitakiwi kushuka chini ya mara moja na nusu, yaani 3,000. Akibaki mpaka saa 2 usiku, ana 9,000 zake. Kuanzia hapo mpaka saa 12 asubuhi sheria inahesabu kuwa ni usiku, na malipo yanaongezeka kwa asilimia 5, kwa hiyo saa inayofuata ina thamani ya 3,150. Ikigonga saa 3, arudi nyumbani: ametimiza saa 12 za kazi, na kwa siku hazitakiwi kuzidi hapo. Tena ndani ya wiki 4, ovataimu yote isivuke saa 50.

Inaniuma kuona vijana wakidhani ovataimu ni amri, au kwamba malipo yake ni fadhila ya bosi. Sivyo. Ni makubaliano, na bila makubaliano hayo mwajiri haruhusiwi kumbakisha mtu.

Yule mama alikuwa na kidaftari mfukoni mwa aproni. Kila jioni aliandika tarehe, saa aliyoanza ziada na saa aliyomaliza. Mwisho wa mwezi alikilinganisha na karatasi ya mshahara, mstari kwa mstari, na binti naye akanunua chake.

Nanyi mtakapoajiriwa, kabla ya kutia saini someni kipengele cha saa za kazi. Kama hakitaji ovataimu, ulizeni siku hiyo hiyo.