Je, Ulichoandikiwa Hukikwepi? Kisa cha Mfalme Edipode Kina Jibu

Kijana akianguka na bodaboda pale Kasekese, mkoani Katavi, hakosekani wa kusema, "Siku yake ilikuwa imefika." Na hakosekani wa kumjibu, "Imefika wapi, na alikuwa anaendesha usiku bila taa?"

Ubishi huu ni wa zamani sana. Wagiriki waliupeleka jukwaani karne ya 5 KK. Tamthilia inayotajwa zaidi ni ya Sophocles kuhusu Oedipus. Samuel Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Mfalme Edipode, ikachapishwa mwaka 1971.

Kisa chenyewe

Edipode analelewa Korintho. Siku moja anakwenda Delphi, kwenye hekalu la mungu Apollo, kuuliza wazazi wake ni akina nani. Anaambiwa atamuua baba yake na kumuoa mama yake.

Anaogopa, anakimbia asirudi Korintho. Hajui kwamba waliomlea sio waliomzaa. Njiani anagombana na mzee mmoja penye njia panda, anamuua. Kumbe ndiye baba yake. Anafika Thebes, anategua kitendawili kilichokuwa kikiwaangamiza watu, anapewa ufalme na mjane wa mfalme. Kumbe ndiye mama yake.

Hadi hapo utasema maskini, hakuwa na ujanja.

Lakini tamthilia haianzii hapo

Inaanza miaka mingi baadaye, wakati tauni inaua watu wa Thebes. Apollo anataka aliyemuua mfalme wa zamani apatikane, na Edipode anaanza kumtafuta.

Nabii Tiresias anamwambia bora asijue. Mkewe, Jocasta, anamsihi aache. Mchungaji mzee anaomba asilazimishwe kusema. Edipode hasikii. Kumuua baba yake alitabiriwa, ila hakuna utabiri uliosema lazima aufukue ukweli. Hilo alilichagua mwenyewe, kwa ajili ya watu wake.

Ukweli unapojulikana, anajitoboa macho. Anasema mateso yake yametoka kwa Apollo, lakini mkono uliotoboa ni wake.

Wagiriki waliyaita majaaliwa moira, yaani fungu, sehemu aliyokatiwa mtu. Fungu hulichagui. Utakachofanya nalo ndicho chako.

Hata kwetu ipo

Ebrahim Hussein aligusa jambo hilohilo katika Kinjeketile, tamthilia ya mwaka 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji. Kinjeketile hakuomba kupagawa na mzimu Hongo wala kupewa maji. Neno likamtoka, watu wakalibeba, wakaingia vitani wakafa. Mwishoni yuko mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, maana anajua vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigana. Maji alipewa, kukataa ni kwake.

Tukirudi kwa yule kijana wa bodaboda, huenda wote wawili wana hoja. Shimo la barabarani hakulichimba yeye, na usiku hakuuleta yeye. Lakini taa ilikuwa mikononi mwake.

Wewe unaonaje, Edipode aliandikiwa au alijitakia?