Weka Chini Hiyo Kostiki Soda

Swali limeletwa tena wiki hii, karibu kwa maneno yale yale. "Habari za kazi, fundi. Marehemu baba aliniachia injini ya treni ya mfano, Hornby Dublo. Rangi imebanduka. Niiloweke kwenye kostiki soda kwa saa ngapi kabla sijaipaka upya?"

Usiiloweke hata dakika. Na kwa kuwa mtu anayeuliza ni saa ngapi huwa soda ameshainunua, safu ya leo karibu yote itaishia hapo. Habari za rangi mtazipata mwishoni, mbio mbio.

Bodi za injini hizi, ziwe Duchess of Atholl, Sir Nigel Gresley au Bristol Castle, zilitoka kiwanda cha Meccano kilichokuwa Binns Road, Liverpool, na wala si za chuma. Zilimiminwa kwenye kalibu kwa aloi ya zinki ambayo Waingereza huiita mazak: takriban yote ni zinki, na alumini ni kama asilimia 4. Ina uzito mkononi, ni baridi ukiishika, ukiigonga inalia. Hapo ndipo mtu anapojiaminisha kwamba ameshika chuma, kisha anaitendea kama chuma.

Kwamba soda inatoa rangi, sibishi. Loweka bawaba ya geti: rangi itavimba, italegea na kutoka yenyewe, na bawaba itabaki salama. Fundi wa mageti aliyekupa ushauri huo hakukudanganya, ila yeye alikuwa anazungumzia mageti. Zinki na alumini zina tabia nyingine kabisa. Zinaliwa na asidi, na zinaliwa na alkali pia, na kostiki soda ni miongoni mwa alkali kali kuliko zote zinazouzwa dukani. Kama huniamini mimi, muulize mama yeyote anayetengeneza sabuni nyumbani kwa nini hachanganyi soda yake kwenye sufuria ya alumini.

Kinachowaponza wengi ni mapovu. Mtu anatumbukiza bodi, anaona viputo vidogo vinapanda kutoka kwenye bomba la moshi na pembeni mwa boila, anafurahi: "Inafanya kazi, uchafu unatoka." Hakuna uchafu unaotoka hapo. Ile ni gesi ya haidrojeni, na inatoka kwa sababu soda imeshamaliza rangi mahali fulani na sasa inayeyusha bodi yenyewe. Jinsi mapovu yanavyozidi ndivyo bodi inavyozidi kupungua. Haidrojeni inashika moto, kwa hiyo huyu ndugu aliyeniandikia kwamba ndoo ameifunika na kuiweka chini ya jiko la gesi, namwomba aitoe nje kabla hajamaliza kusoma aya hii.

Nimeletewa bodi hizi zikiwa zimeshatoka kwenye ndoo. Zina rangi ya kijivu iliyokolea, na ukipitisha ukucha unasikia ukwaruzo. Chukua miwani ya kukuzia uangalie zilipokuwa ribiti. Dublo ni mfano wa milimita 4 kwa kila futi, yaani injini halisi imepunguzwa mara 76, kwa hiyo ribiti ya mfano ni kinundu ambacho jicho linakiona kwa shida. Soda haihitaji muda mrefu kukisawazisha. Kingo za madirisha ya chumba cha dereva, ambazo fundi wa kalibu alizichonga zikakaa kali, zimekuwa butu. Ukishafika hapo hakuna rangi ya kuficha, kwa sababu rangi ndiyo inayoonyesha.

Kuna na hasara inayokuja baadaye. Uso ulioliwa una vitundu, na vitundu vinahifadhi soda hata baada ya kusuuza. Unapaka, inapendeza, unapiga picha unawatumia ndugu zako, halafu baada ya muda malengelenge yanaanza kujitokeza. Unailaumu rangi, unanunua ya bei zaidi, na kitu gani unakitumia kuitoa ile ya kwanza? Soda.

Wapo watakaosema waliitumia na injini haikudhurika. Pengine soda ilikuwa hafifu, maji yalikuwa baridi, na waliitoa mapema. Lakini umejuaje kwamba haikudhurika, ikiwa huna nyingine ya kuilinganisha nayo?

Nikikataza soda, wanahamia kwenye siki, limau na dawa za kutu. Zinki haishiki kutu ile nyekundu ya chuma, na hivyo vyote ni asidi, ambazo nimeshasema zinaila. Nyufa nyembamba kama uzi na uvimbe mnavyoviona kwenye injini za zamani, hasa zile za kabla ya Vita Kuu ya Pili (Dublo ilianza kuuzwa mwaka 1938), si kutu bali ni ugonjwa wa ndani ya aloi. Risasi kidogo sana ikiingia kwenye zinki wakati wa kuyeyusha inatosha kuifanya aloi ioze polepole kwenye mipaka ya chembe zake, miaka na miaka baada ya kutoka kiwandani. Bodi inavimba, inapinda, matundu ya skrubu hayakutani tena na chasi. Hakuna rangi, gundi wala dawa inayouzuia. Injini ya namna hiyo iweke kabatini uitazame.

Na iliyo nzima, nani kakwambia lazima ipakwe? Injini yenye rangi yake ya kiwandani, hata ikiwa imechubuka kwenye kona, kwa wakusanyaji ina heshima kuliko iliyopakwa upya na mtu mwenye haraka. Ifute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, uone kilichoko chini ya vumbi. Sababu ya maana ya kupaka upya ni kwamba mtu aliyekutangulia aliipaka rangi ya mlango kwa brashi, au rangi yenyewe imeshakwisha. Kutaka Duchess ifanane na Mount Gelai iliyoko makumbusho ya reli Nairobi si sababu. Ile ni Garratt, moja kati ya 34 za daraja la 59 zilizojengwa na Beyer Peacock jijini Manchester, ina fremu mbili za magurudumu na boila katikati. Rangi ya damu ya mzee haitaigeuza Duchess kuwa hiyo.

Haya, kama ni lazima. Toa bodi kwenye chasi kwanza, kwa sababu mota ina sumaku yake na itakuharibia kipimo. Gusisha sumaku ndogo kwenye bodi: ikinasa ni bati, isiponasa na bodi ni nzito ni mazak, ikiwa nyepesi ni plastiki, kama injini nyingi za Tri-ang. Bati lililochapwa picha na mistari kiwandani liache, huna mashine ya kurudishia. Mazak inatolewa rangi kwa dawa ya jeli ya kutolea rangi ya metali, mahali penye hewa, ukiwa na glavu, kisha mswaki wa zamani na maji ya sabuni. Plastiki loweka kwenye alkoholi ya aisopropili, ukiangalia kila baada ya muda. Thina na petroli zitaiyeyusha. Mafuta ya breki? Kwenye plastiki usijaribu, na kwenye metali yasipooshwa yote rangi mpya haitashika. Kausha, piga praima ya metali, kisha enameli tabaka jembamba jembamba, kila moja ikauke. Unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita hapo ni sawa na plasta ya milimita 7.6 kwenye injini halisi, nazo ribiti zitazama. Usiweke rangi ya selulosi juu ya enameli, itakunjamana. Namba na nembo za kubandika zinataka uso unaong'aa; vanishi inakuja mwisho.

Jambo moja usilifanye kwa haraka. Rangi za miaka ile huenda zina risasi, kwa hiyo usizipige msasa mkavu. Lowesha msasa, vaa barakoa, futa vumbi lote kwa kitambaa kibichi ukitupe, na watoto wasiwe chumbani.