Jinsi ya kupanga majibu ya utafiti kuhusu afya ya mtoto

Huenda umepokea ujumbe kwenye simu unaosema: "Wanasayansi wamethibitisha asali inatibu kikohozi cha watoto." Mtoto wako ana miezi sita na anakohoa. Je, umpe?

Mahali pamoja pa kuhakiki ni PubMed, huduma ya bure ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Ilianza mwaka 1996, na sasa ina kumbukumbu za makala zaidi ya milioni 35. Tatizo ni kwamba ukitafuta, majibu huja mengi mno. Vifaa vya kuyapanga vitakusaidia.

Anza na maneno machache

Makala nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo andika maneno ya Kiingereza: honey cough children. Kama lugha ni kikwazo, mwombe kijana wa nyumbani au mhudumu wa afya akusaidie.

Chuja majibu

Kwenye kompyuta, vichujio vipo upande wa kushoto. Tumia hivi vitatu:

- Aina ya makala. Chagua mapitio ya tafiti, yaani makala inayokusanya na kupima tafiti nyingi kwa pamoja. Utafiti mmoja mdogo unaweza kupotosha.
- Umri. Kichujio hiki hutegemea lebo ambazo makala hupewa. Makala mpya sana huenda haijapata lebo, hivyo ikafichwa.
- Makala kamili ya bure. Utasoma yote bila kulipia. Lakini ukiiwasha, makala nyingine nzuri hazitaonekana.

Angalia mpangilio

PubMed hutanguliza makala inayolingana zaidi na maneno yako, si lazima iwe mpya. Unaweza kuchagua mpangilio wa tarehe. Chini ya kila makala kuna orodha ya zinazofanana nayo. Ukipata moja nzuri, fuata orodha hiyo.

Soma muhtasari kwa maswali mawili

Nani walichunguzwa? Walilinganishwa na nani?

Rudi kwenye asali. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yalionyesha kuwa huenda asali inapunguza kikohozi kuliko kutompa mtoto dawa yoyote. Lakini watoto waliochunguzwa walikuwa na umri wa mwaka mmoja na zaidi. Ujumbe wa simu haukusema hivyo, na hapo ndipo penye hatari.

Usimpe asali mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Asali inaweza kubeba vijidudu vinavyotengeneza sumu ndani ya utumbo wake na kulegeza misuli, hata ya kupumua. Ugonjwa huo huitwa botulizimu. Ni nadra, lakini ni mkali. Mtoto wa miezi sita aendelee kunyonyeshwa mara kwa mara.

Usisubiri kutafuta

Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja ikiwa anapumua haraka, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, anashindwa kunyonya, amelegea au amepata degedege. Utafutaji ni wa wakati mtoto yuko salama.

Ukipata makala yenye manufaa, ihifadhi na uende nayo kliniki. Muulize mhudumu: "Hii inamhusu mtoto wa umri wa wangu?"